Sam Cooke: alifukuzwa hotelini, akatunga wimbo uliovuma akiwa kaburini

Mwimbaji mweusi wa Marekani Sam Cooke aliuawa kwa risasi mjini Los Angeles tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili 1964, akiwa na umri wa miaka 33. Siku 11 baadaye, kampuni ya RCA ilitoa diski ndogo yenye wimbo wake A Change Is Gonna Come, yaani mabadiliko yatakuja. Wimbo huo uliwekwa upande wa pili wa diski, na ubeti wake mmoja ulikuwa umekatwa.

Leo hii wimbo huo unahesabiwa kati ya nyimbo kubwa kabisa za rhythm and blues, na Weusi wengi wa Marekani wanauheshimu kama wimbo wa mapambano yao. Lakini mtunzi wake aliuimba mbele ya watu mara moja tu, kwenye televisheni, na kanda ya kipindi hicho haikuhifadhiwa. Alikuwa mtu aliyepata mafanikio kwa kuwapendeza watu wote, weusi na wazungu. Siku moja aliamua kusema jambo ambalo lingeweza kumpotezea nusu ya wasikilizaji wake.

Mtoto wa mchungaji

Samuel Cook alizaliwa tarehe 22 mwezi wa kwanza 1931 huko Clarksdale, katika jimbo la Mississippi, kwenye eneo la mashamba ya pamba. Baba yake, Charles Cook, alikuwa mchungaji. Mwaka wa 1933 familia ilihamia Chicago, kaskazini mwa nchi, kama maelfu ya familia nyingine za Weusi waliokimbia umaskini na ubaguzi wa rangi wa majimbo ya kusini.

Sam alianza kuimba kanisani akiwa mtoto, pamoja na ndugu zake, katika kikundi kilichoitwa Singing Children. Akiwa kijana wa shule ya sekondari aliingia katika kikundi cha Highway QC's, vijana walioiga waimbaji wakubwa wa Injili wa wakati ule. Mkubwa wa wote alikuwa R. H. Harris, kiongozi wa kikundi cha Soul Stirrers. Harris alipoacha kikundi hicho mwaka wa 1950, wenzake walimchukua Sam kujaza nafasi yake, naye alikuwa hajafikisha hata miaka 20.

Haikuwa kazi rahisi. Wasikilizaji walizoea sauti ya Harris iliyojaa nguvu, na kijana huyu hakuwa na nguvu za kushindana nayo. Hivyo akatafuta njia yake mwenyewe: sauti laini, isiyolazimishwa, na ufundi wa kulichukua neno moja na kulipitisha kwenye noti nyingi kabla ya kuliachia. Tarehe 1 mwezi wa tatu 1951 alirekodi kwa mara ya kwanza na Soul Stirrers kwa kampuni ya Specialty ya Los Angeles, na wimbo wa Jesus Gave Me Water ukapendwa sana. Makanisa yakaanza kujaa vijana, hasa wasichana, waliokuja kumsikiliza na kumtazama.

Kuhama kutoka Injili

Wakati ule, kwa watu wengi wa kanisa, mwimbaji wa Injili kuimba nyimbo za mapenzi kulikuwa kama kumsaliti Mungu. Sam alilijua hilo. Mwaka wa 1956 alijaribu kwa kujificha: akatoa wimbo wa Lovable kwa jina la Dale Cook. Lakini sauti yake ilijulikana mno, na hakuna aliyedanganyika.

Mwaka uliofuata aliamua kutoka waziwazi. Mwenye kampuni ya Specialty, Art Rupe, alipokuta studio imejaa waimbaji wazungu wa kumsindikiza Sam, alikasirika. Ugomvi uliisha kwa Sam na mtayarishaji wake, Bumps Blackwell, kuondoka na kanda za nyimbo zao. Walizipeleka kwenye kampuni changa iliyoitwa Keen. Moja ya nyimbo hizo ilikuwa You Send Me. Mwisho wa mwaka wa 1957 ilishika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya R&B na pia kwenye orodha kuu ya nchi nzima, iliyotawaliwa na wanunuzi wazungu. Ni wakati huo ndipo alipoongeza herufi moja mwishoni mwa jina lake, Cook likawa Cooke.

Mwaka wa 1960 alijiunga na RCA, kampuni kubwa ya Elvis Presley. Nyimbo zilifuatana: Wonderful World, Chain Gang, Cupid, Twistin' the Night Away, Bring It On Home to Me, Another Saturday Night. Ni nyimbo za mapenzi na za kucheza. Hata Chain Gang, iliyohusu wafungwa wanaofanya kazi barabarani wakiwa wamefungwa minyororo, ilikuwa na mdundo mtamu uliofanya watu waicheze bila kufikiri sana.

Mwimbaji aliyetaka kumiliki kazi yake

Nyuma ya tabasamu lake kulikuwa na mfanyabiashara makini. Katika muziki wa Marekani, fedha ya kudumu haitoki jukwaani. Inatoka kwenye haki za utunzi: kila diski inapouzwa, kila redio inapopiga wimbo, mwenye haki hizo anapata sehemu yake. Waimbaji wengi weusi wa wakati ule waliuza haki zao kwa bei ya gari au kwa dola chache, kisha wakafa maskini huku nyimbo zao zikiendelea kuwatajirisha wengine.

Sam hakutaka njia hiyo. You Send Me iliandikwa kwanza kwa jina la mdogo wake, L.C., ili Specialty isidai haki za utunzi wake. Pamoja na rafiki yake J. W. Alexander, mwimbaji wa zamani wa Injili, alikuwa na kampuni ya kusimamia nyimbo, Kags Music. Wawili hao walianzisha pia kampuni ya kurekodi, SAR, iliyowasaidia vijana kama Johnnie Taylor na ndugu watano wa familia ya Womack. Mwaka wa 1964 kikundi cha Kiingereza cha Rolling Stones kilipoimba tena It's All Over Now ya akina Womack, fedha za utunzi ziliingia kwenye kampuni ya Sam na mwenzake.

Barabara za kusini

Lakini fedha na umaarufu havikufuta rangi ya ngozi yake. Katika majimbo ya kusini, sheria na desturi ziliwatenganisha Weusi na wazungu shuleni, kwenye mabasi, mahospitalini, mahotelini na hata kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Mwanamuziki mweusi aliweza kushangiliwa na ukumbi mzima usiku, kisha akakosa mahali pa kula au kulala.

Mwaka wa 1961, huko Memphis, Sam aliambiwa kwamba katika ukumbi watazamaji weusi watatengwa na wazungu. Alikataa kupanda jukwaani, akapoteza malipo yake, na habari hiyo ikaandikwa katika magazeti ya Weusi. Hata hivyo, katika nyimbo zake hakuligusa jambo hilo.

Mwaka wa 1963 alisikia wimbo wa Bob Dylan, Blowin' in the Wind, uliouliza maswali kuhusu vita na uhuru. Aliupenda, na wakati huohuo ulimchoma moyo. Aliwaambia watu wake wa karibu kwamba ilikuwa aibu kijana mzungu kuwa ndiye aliyeandika wimbo wa namna hiyo, wakati yeye, aliyeishi ndani ya mateso hayo, hajaandika hata mmoja. Akaanza kuuimba wimbo wa Dylan katika matamasha yake.

Mwaka huohuo ulimletea msiba. Mwezi wa sita, mtoto wake wa kiume, Vincent, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, alizama na kufa katika bwawa la kuogelea la nyumba yao mjini Los Angeles. Sam alirudi kazini baada ya muda mfupi, lakini waliomjua wanasimulia kwamba hakuwa tena mtu yule.

Usiku wa Shreveport

Tarehe 8 mwezi wa kumi 1963, Sam, mke wake Barbara na wenzao walifika katika mji wa Shreveport, jimbo la Louisiana. Alikuwa amepiga simu mapema na kuweka nafasi katika hoteli ya Holiday Inn. Mtu wa mapokezi alipomwona, alisema hakuna vyumba.

Sam alikataa kuondoka. Alipaza sauti, akadai kumwona meneja. Mke wake alimsihi watoke, akimwonya kwamba watu wale wangeweza kumuua. Sam alijibu kwamba hawawezi, kwa sababu yeye ni Sam Cooke. Mke wake akamkumbusha kwamba pale, kwao, yeye ni mweusi tu kama weusi wengine.

Mwishowe waliondoka kwa hasira, wakipiga honi na kupiga kelele. Walipofika kwenye hoteli nyingine, iliyopokea Weusi, polisi walikuwa wakiwasubiri. Walikamatwa kwa kosa la kuvuruga amani. Gazeti la New York Times lilichapa habari fupi kuhusu kukamatwa huko. Mtu aliyeuza diski kwa mamilioni alipelekwa kituo cha polisi kwa sababu alidai chumba alichokuwa amekiagiza.

Wimbo uliomtisha mtunzi wake

Mwisho wa mwaka huo, Sam alimwita J. W. Alexander nyumbani kwake ili amsikilizishe wimbo mpya. Alisema ulimjia karibu wote kwa mara moja, kama ndoto, na hakujua vizuri ulikotoka. Ulikuwa tofauti na nyimbo zake zote. Mtu anayesimulia humo alizaliwa katika umaskini, anafukuzwa mjini, anamwomba ndugu yake msaada naye anasukumwa chini, anaogopa kifo kwa sababu hajui kinachomngoja ng'ambo, na bado anashikilia kwamba siku itafika. Ndani yake kuna mahubiri ya baba yake, kuna Soul Stirrers, kuna Shreveport.

Alexander alimwonya kwamba huenda wimbo huo usilete fedha kama nyingine. Sam alijibu kwamba hilo halimsumbui. Alitaka baba yake aone fahari juu yake.

Wimbo ulirekodiwa tarehe 30 mwezi wa kwanza 1964 katika studio ya RCA, Hollywood. Kwa kawaida Sam alisimamia kila kitu mwenyewe. Safari hii alimwachia mpangaji wa muziki René Hall uhuru wote. Hall aliuandikia orkestra nzima: vinanda vya nyuzi, tarumbeta na ngoma kubwa zinazonguruma kama radi ya mbali. Kila ubeti aliupa sura yake, mmoja ukijengwa juu ya mwingine kama filamu. Katikati ya vyombo hivyo vyote, Sam aliimba bila mapambo mengi, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini hajakata tamaa.

Bobby Womack, aliyekuwa kijana wa karibu wa Sam, alipousikia alimwambia kwamba wimbo huo unanuka kifo. Sam alikubali, na akasema hataki kuuimba mbele ya watu.

Televisheni, kisha Miami

Aliuimba mara moja tu, tena kwa kusukumwa. Meneja wake mpya, mhasibu Allen Klein, aliuona kuwa kazi bora kuliko zote. Alimshawishi auimbe katika kipindi cha usiku cha Johnny Carson, na akapata RCA ilipie wapigaji wa orkestra. Tarehe 7 mwezi wa pili 1964 Sam aliuimba mbele ya nchi nzima. Lakini siku mbili baadaye, Beatles kutoka Uingereza walionekana kwenye kipindi cha Ed Sullivan, wakitazamwa na watu zaidi ya milioni 70. Marekani yote ikawa inazungumza juu ya vijana wale wanne.

Tarehe 25 mwezi huohuo, Sam alikuwa Miami, karibu kabisa na ulingo, wakati kijana Cassius Clay alipompiga Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia wa ngumi. Katikati ya vurugu za ushindi, Clay alimwita Sam apande ulingoni na kumtangaza kuwa mwimbaji mkubwa kuliko wote duniani. Usiku ule walikaa pamoja na Malcolm X na mchezaji mpira wa Kimarekani Jim Brown katika hoteli ya Weusi, kwa kuwa hoteli za ufukweni hazikuwapokea. Clay huyo ndiye Muhammad Ali, ambaye miaka kumi baadaye Kinshasa nzima ilimshangilia alipomwangusha George Foreman, tarehe 30 mwezi wa kumi 1974.

Wimbo wenyewe ulikuwa umetoka katika albamu ya Ain't That Good News, mwanzoni mwa mwaka wa 1964. Mwezi wa saba mwaka huo, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya haki za raia, iliyokataza hoteli na migahawa kuwafukuza watu kwa sababu ya rangi. Kilichotokea Shreveport miezi tisa nyuma kilikuwa sasa kimekatazwa na sheria mpya ya nchi, walau kwenye karatasi.

Risasi moja

Usiku wa kuamkia tarehe 11 mwezi wa kumi na mbili 1964, Sam aliingia katika hoteli ndogo ya bei rahisi kusini mwa Los Angeles akiwa na mwanamke kijana. Kwa maelezo yaliyotolewa kwenye uchunguzi, mwanamke huyo alikimbia akichukua nguo za Sam. Sam akaenda kwa hasira kwenye ofisi ya msimamizi wa hoteli, akavunja mlango akimtafuta, wakashikana, na msimamizi, mwanamke pia, akampiga risasi. Jopo la uchunguzi lilisikiliza mashahidi kwa muda mfupi na kuamua kwamba msimamizi alikuwa akijitetea. Familia na marafiki wengi hawakuyakubali maelezo hayo, na mjadala huo haujafungwa hadi leo.

Chicago na Los Angeles zote zilifanya ibada ya mazishi. Chicago, maelfu ya watu walisimama kwenye baridi wakisubiri kupita mbele ya jeneza, na Muhammad Ali alikuwa miongoni mwao. Los Angeles, Ray Charles aliimba.

Tarehe 22 mwezi huohuo RCA ilitoa diski yenye Shake upande wa kwanza, wimbo wa kucheza, na A Change Is Gonna Come upande wa pili. Ili redio zisiogope kuupiga, ubeti mmoja ulikatwa: ule wa mtu anayeambiwa asionekane katikati ya mji, sehemu iliyotaja ubaguzi waziwazi kuliko zote. Shake ilifika nafasi ya 7 kwenye orodha kuu; upande wa pili ulifika nafasi ya 31, na ya 9 kwenye orodha ya R&B.

Kilichobaki

Watu wa mapambano ya haki za raia waliuchukua wimbo huo na kuufanya wao. Otis Redding aliuimba mwaka wa 1965, Aretha Franklin mwaka wa 1967. Mwaka wa 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mwaka wa 2008, Barack Obama aliposhinda uchaguzi, hotuba yake ya usiku ule Chicago, katika mji uliomlea Sam, iligusa wazi maneno ya wimbo huo. Na ubeti uliokatwa ulibaki katika albamu. Ndivyo wengi wanavyousikia wimbo leo, ukiwa mzima.

Upande wa fedha, hadithi haikwenda alivyopanga. Klein alikuwa amefungua kampuni kwa ajili ya mkataba mpya wa Sam na RCA, akaipa jina la Tracey, binti ya Sam. Kwenye karatasi, mmiliki alikuwa Klein. Baada ya kifo, SAR ilifungwa, na haki za nyimbo zilipita mikono kadhaa hadi zikaishia katika kampuni ya Klein, ABKCO. Mwimbaji aliyetumia miaka yake kupigania umiliki wa kazi yake hakuwaachia watoto wake nyimbo hizo.

Shreveport ilichelewa zaidi. Mwaka wa 2019, miaka 56 baada ya usiku ule wa hoteli, meya wa mji huo, Adrian Perkins, ambaye ni mweusi, aliiomba rasmi msamaha familia ya Sam Cooke na kumpa marehemu ufunguo wa heshima wa mji.